Fundi Umeme Hutafutwa Mchana

Saa tatu usiku breka imekatika na haikubali kurudi, nyumba giza, na chumba cha watoto kinanuka plastiki iliyoungua. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa: shemeji, huna fundi umeme karibu? Jirani, yule kijana aliyekufungia feni yupo? Atakayepatikana wa kwanza ndiye atakayefungua ukuta wako, na kwa hofu iliyopo hakuna atakayemuuliza alisomea wapi. Alichokifunga usiku huo kinaweza kukaa humo ukutani miaka kumi.

Kazi yangu ni kukagua mifumo ya umeme majumbani, na ningependa kila mwenye nyumba ajue namna ya kumtambua fundi wa kweli, hata kama yeye mwenyewe hajui chochote kuhusu umeme. Mtazame anachofanya breka inapokatika. Fundi wa kweli hutafuta sababu. Wa kubahatisha hubadilisha breka.

Breka imewekwa ili kulinda waya. Waya wa milimita 1.5 wa taa hulindwa na breka ya ampea 6 au 10. Ule wa 2.5 wa soketi, breka ya 16 au 20. Mzigo ukizidi, au nyaya zikigusana, breka hukata kabla waya haujapata moto. Sasa anakuja mtu mwenye haraka, anang'oa breka ya 10 iliyokuwa ikikata kila siku na kuweka ya 32. Umeme unarudi, haukatiki tena, mwenye nyumba anashukuru na kulipa. Lakini hitilafu ipo palepale, na waya ule mwembamba sasa unaweza kuchemka ndani ya bomba lake muda mrefu bila breka kushtuka. Moto wa namna hii huanzia darini au nyuma ya kabati, mahali asipoangalia mtu.

Fundi anayejua kazi ataanza kwa maswali: imekata saa ngapi, nini kilikuwa kimewashwa, mvua ilinyesha? Atazima breka zote na kuchomoa kila kifaa, kisha awashe swichi kuu na kurudisha breka moja baada ya nyingine. Ikikata bila kifaa chochote kuchomekwa, tatizo limo kwenye nyaya. Ikikubali, atachomeka vifaa kimoja kimoja mpaka ampate mkosaji, na mara nyingi huwa ni pasi, jagi la kuchemshia maji au friji kuukuu. Tatizo likiwa kwenye nyaya, atatoa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa ili kuona kama ganda lake bado linazuia umeme kuvuja. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, waya huo una kasoro, na hapaswi kuurudishia umeme kwa sababu tu umemwomba. Akifungua soketi, atavuta kila waya taratibu kwa vidole aone kama umelegea. Soketi iliyolegea huwa na alama zake: plastiki imegeuka rangi ya chai karibu na tundu moja, skrubu imepiga weusi, na ganda la waya limekauka kiasi kwamba ukilikunja linakatika. Nyumba nyingi zina soketi moja kama hiyo, na kwa kawaida ni ile inayobeba ekstensheni ya friji.

Akija na testa peke yake, ile bisibisi yenye kitaa, mshukuru na umruhusu aende. Testa inaonyesha kwamba umeme upo kwenye laini. Haiwezi kukwambia kama nyutro imekatika, volti ni ngapi, wala kama ethi inafanya kazi, na hayo matatu ndiyo mara nyingi yanayotafutwa.

Hita za kuogea ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu zinafungwa kila siku na mafundi ambao hawajafanya hesabu. Hita ya papo kwa papo yenye wati 5,500, kwenye umeme wetu wa volti 230, inavuta karibu ampea 24. Waya wa 1.5 uliochepushwa kutoka kwenye taa ya bafuni hauwezi kubeba mzigo huo, na soketi ya ampea 13 pia haiwezi. Hita hiyo inahitaji waya wake wa milimita 4 au 6 kutoka kwenye sanduku la breka, breka yake, swichi ya ncha mbili nje ya bafu, na ethi iliyofungwa hasa. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, kama ilivyo kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam, mwambie fundi mapema. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na hita ambazo koili yake imezama moja kwa moja kwenye maji hazifai hapo, isipokuwa zile zilizotengenezwa kwa maji ya namna hiyo.

Kwenye ethi ndipo mafundi wanapotofautiana. Tuchukue nyumba yenye ethi ya omu 50, jambo la kawaida kwenye ardhi ya mchanga iliyokauka. Laini ikigusa bati la friji, ampea 4.6 tu ndizo zitakazokwenda ardhini. Breka ya 20 haitashtuka. Bati litabaki na umeme likimsubiri mtu apite peku. Breka ya kawaida haimlindi binadamu, kwa kuwa umeme unaotosha kuua ni sehemu ndogo tu ya ampea moja. Kinachomlinda ni kile kifaa ambacho mafundi wengi bado wanakiita ELCB, na madukani sasa kinauzwa kama RCCB. Hulinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Fundi anayekushauri ukiweke anastahili kusikilizwa. Anayekwambia ukitoe kwa sababu "kinasumbua" asirudi tena kwako: kikisumbua, umeme unavuja mahali fulani, na mahali hapo hapajatafutwa. Muulize pia amezika nini kwa ajili ya ethi. Kipande kifupi cha nondo ya ujenzi hupata kutu na kuacha kufanya kazi; kinachotakiwa ni fimbo ya ethi yenye shaba, iliyopigiliwa kwenda chini, ikapimwa kwa mita.

Karatasi nazo ni muhimu. Tanzania Bara, anayefunga umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Leseni hizo zina madaraja, na daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kufanya. Zanzibar msimamizi ni ZURA, na Kenya ni EPRA. Omba kuiona, soma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Cheti cha VETA kinaonyesha kwamba mtu amesomea ufundi, ila hakichukui nafasi ya leseni. Najua wapo mafundi wazuri wa mtaani waliojifunzia kazini chini ya mkubwa wao. Hao nawaheshimu, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kurasimisha ujuzi wao. Wahimizeni waupitie, kisha waombe leseni.

Kabla ya kumpigia fundi yeyote, hakikisha tatizo ni lako. Nguzo, waya unaoingia nyumbani na mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Kinachofuata baada ya mita ni chako. Majirani nao wakiwa gizani, au mita haionyeshi kitu, piga TANESCO. Taa zikiwaka kwa nguvu isiyo ya kawaida huku nyingine zikififia, zima swichi kuu papo hapo na chomoa vifaa: huenda nyutro imekatika, na volti zinaweza kupanda na kuunguza kila kilichochomekwa. Hapa ndipo vishoka wanapopata wateja, watu wanaojifanya wafanyakazi wa shirika na kukuahidi kuifungua mita usiku huohuo. Mwombe kitambulisho, na kama kuna malipo ya TANESCO yalipwe kwa kontroli namba, kamwe yasipitie mkononi mwa mtu.

Sasa, fundi mwenyewe unampata wapi? Ningeanzia kwenye duka la vifaa vya umeme la mtaani. Mwenye duka anajua nani hununua waya uliothibitishwa na TBS na nani huomba "ule wa bei rahisi", ambao mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba: ukiukwangua kwa kisu, ndani ni mweupe. Anajua pia ni fundi gani wateja wake humrudia. Waulize majirani ambao nyumba zao zilifungwa umeme miaka mitano iliyopita, kwani aliyefungiwa mwezi jana bado hana la kukwambia. Kisha mwite uliyemchagua mchana wa siku ya kawaida kwa kazi ndogo, mathalani kubadilisha soketi mbili na kupima ethi, ukae umtazame. Je, alizima umeme na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umezimika kabla ya kugusa? Alikaza viungo kwenye konekta, au alisokota nyaya na kuzungushia tepu? Alifagia vumbi alipomaliza? Jibu la swali hili la mwisho hunisaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Kuhusu pesa, mwombe atenganishe bei ya vifaa na bei ya kazi, nenda naye dukani au ununue mwenyewe kwa orodha aliyoiandika, na uchukue risiti. Cha juu kwenye vifaa ndicho kinachomshawishi fundi kukununulia kifaa duni. Mlipe ufundi wake vizuri ili asilazimike kutafuta hicho cha juu. Na akija usiku, bei iwe ya usiku bila kunung'unika. Ameacha familia yake.

Kwa dharura yenyewe, fundi hatangulii. Mtu akinaswa na umeme usimguse: zima swichi kuu kwanza, na kama hapumui anza kumkandamiza kifua huku mwingine akitafuta gari. Kukiwa na moto, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia salama, usimwage maji kwenye umeme, toa watu nje na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Fundi akimaliza, asiondoke kabla hajaandika kwenye sanduku kila breka inabeba nini, na kukuachia vipimo vya ethi na vya nyaya kwa maandishi. Andika namba yake ndani ya mlango wa sanduku, na ya fundi wa pili chini yake, kwa siku ambayo wa kwanza amesafiri. Halafu mwambie akuonyeshe kitufe chenye herufi T kwenye RCCB. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Umeme unatakiwa ukatike papo hapo. Usipokatika, mwite siku hiyohiyo, na mpaka afike hita ya bafuni ikae imezimwa.