Wajenzi wa Ndege Wasichekwe

Mara kwa mara magazeti na televisheni zetu hutuonyesha kijana aliyeunda ndege uani kwao. Mabawa ni ya turubai, magurudumu ni ya toroli, na injini ni ya pikipiki. Umati hukusanyika, injini huunguruma, ndege hujikokota ikitimua vumbi, kisha husimama. Watu huangua kicheko wakaenda zao. Kesho yake jambo hilo limekwisha kusahauliwa na wote, ila kijana mwenyewe aliyemaliza akiba yake.

Mimi sicheki. Kinachomshinda kijana huyo aghalabu ni injini, na injini imewasumbua wajenzi wa ndege za nyumbani kote duniani tangu zamani. Injini mpya iliyoundwa mahsusi kwa ndege ndogo, kama vile Rotax 912 ya Austria yenye nguvu za farasi 80, hugharimu zaidi ya shilingi milioni mbili. Nani kijijini atazipata?

Wapo waliotafuta njia nyingine. Bernard Pietenpol, makanika wa Cherry Grove, Minnesota, Marekani, alichukua injini ya gari la Ford Model A, yenye nguvu za farasi 40 hivi, akaifunga kwenye ndege ya mbao, ikaruka mwaka wa 1929. Huko Ufaransa, ndege ya mbao iitwayo Jodel D9 iliruka mwaka wa 1948 kwa nguvu za farasi 25 tu. Baadaye wajenzi wengi waliiwekea injini ya Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Gari hilo Wakenya tunalijua, kwani ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka wa 1962. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji, na huweza kuizungusha rafadha, yaani lile panga la mbele ya ndege, pasipo giaboksi. Wapo hata walioikata katikati, wakabakiza silinda mbili, na wakaruka.

Mbona basi ya bodaboda isifae? Nguvu zake kwa kawaida hazifiki farasi 15, nazo hupatikana inapozunguka mara 7,000 au zaidi kwa dakika. Rafadha haitaki kasi hiyo. Ncha zake zikikaribia kasi ya sauti, nguvu hupotelea katika kelele. Bila giaboksi ya kupunguza mizunguko, kijana wetu amejenga pangaboi. Isitoshe, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini itoayo nguvu za farasi 40 Mombasa, hapa hutoa 33 hivi. Ni kweli Mfaransa Henri Mignet aliruka mwaka wa 1933 kwa injini ya pikipiki, lakini hakuanzia Nyeri!

Hata hivyo, siku ninayoiogopa ni ile ambayo ndege itapaa. Injini ya gari hutumia nguvu zake zote kwa muda mfupi tu, labda kulipita lori mlimani. Ndege huzidai kwa dakika nyingi mfululizo. Ndiyo maana injini za ndege huwa na mifumo miwili ya kuwasha plagi, mmoja ukifa mwingine uendelee. Bodaboda ikizimika, mwenyewe hushuka akaisukuma.

Halmashauri ya Usafiri wa Ndege haina kosa inapokataza chombo kisichokaguliwa kisiruke. Lakini baada ya kukatazwa, kijana aende wapi? Vyuo vyetu vya ufundi vina karakana na walimu. Injini kuukuu ya Volkswagen, au ya Subaru iliyotiwa giaboksi, ifungwe kwenye fremu ya chuma iliyokitwa ardhini, iwekewe rafadha, iungurume saa hamsini huku mwalimu akipima joto, mafuta na mvuto. Valvu ikiungua, iungue hapo, kijana akiwa amesimama kando na spana mkononi.