Losheni ya jua kwa mtoto mwenye ualbino anayependa kucheza nje

Mama mmoja aliniuliza kliniki: "Nesi, nimfungie ndani mpaka jua lizame?" Mwanawe ana ualbino, ana miaka 9, na anapenda mpira kuliko chakula. Nilimjibu: hapana. Mtoto anahitaji kucheza, kusoma na kutembea kama wenzake. Kinachotakiwa ni kumkinga vizuri kabla hajatoka.

Ngozi yenye ualbino ina melanini kidogo sana au haina kabisa. Melanini ndiyo hupunguza makali ya mionzi ya jua. Bila kinga, ngozi huungua, hupata madoa, na baada ya miaka inaweza kupata saratani.

Soma chupa kabla ya kulipa

- SPF 30 au zaidi. SPF 30 huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi ya UVB, inayounguza ngozi. SPF 50 huzuia takribani asilimia 98. Tofauti ni ndogo, hivyo usidhani kwamba ukinunua 50 unaweza kupaka kidogo.
- Ikinge UVA na UVB. UVA hupenya ndani zaidi ya ngozi. Losheni inayotaja UVB peke yake haitoshi.
- Istahimili maji na jasho. Hii ni muhimu kwa mtoto anayekimbia au kuogelea. Chupa nyingi huandika dakika 40 au 80. Huo ndio muda inaostahimili majini. Hakuna losheni isiyotoka kabisa.
- Tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiwa imepita, iache.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na krimu za urembo si kinga ya jua, hata yakiing'arisha ngozi.

Kilisun hutengenezwa Moshi, KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu nawe jinsi ya kuipata.

Namna ya kupaka

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupaka kidogo ili chupa idumu. Kwa mtu mzima, tumia kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, kimoja kwa kila mkono, na kimoja au zaidi kwa kila mguu. Kwa mtoto kiasi hupungua kulingana na mwili wake, lakini sehemu yote iliyo wazi ipakwe. Usisahau masikio, kisogo na juu ya nyayo.

Paka dakika 20 hivi kabla ya kutoka. Rudia kila baada ya saa mbili, na pia baada ya kuogelea, kutokwa jasho jingi au kujifuta kwa taulo. Akienda shule, mpe chupa ndogo na umwombe mwalimu amkumbushe wakati wa mapumziko. Chupa isikae juani.

Nguo kwanza, losheni baadaye

Losheni ni kwa sehemu ambazo nguo haifiki. Mvalishe mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Miwani ya jua husaidia macho. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni jua huwa kali, hivyo mpira uchezwe mapema au jioni inapowezekana. Mawingu yasikudanganye, mionzi hupita.

Mtoto chini ya miezi 6 akae kivulini na avae nguo za kumfunika. Usimpake losheni bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Nenda kituo cha afya ukiona

- kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja;
- uvimbe au doa linalokua au kutoa damu;
- sehemu ngumu yenye magamba usoni, masikioni au mdomoni.

Usisubiri iume. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema hutibika.

Mama yule sasa humpaka mwanawe kabla ya kwenda uwanjani, na chupa nyingine iko kwenye begi la mpira.