Virginia: ubaguzi uliotungwa kifungu kwa kifungu

Wadau, mara nyingi nasikia watu wakisema ubaguzi wa Marekani ni tabia tu ya wazungu, eti umekuwepo tangu enzi na enzi. Mimi sikubaliani. Ukisoma historia ya jimbo la Virginia utaona kwamba ulijengwa, sheria moja baada ya nyingine.

Mwaka 1607 Waingereza wapatao 100 walifika Jamestown, kwenye ardhi ya wenyeji wa Powhatan. Njaa na maradhi nusura viwamalize. Kilichowainua ni tumbaku, na tumbaku inataka mikono mingi. Mwaka 1619 meli ikashusha Waafrika 20 na ushei, waliotekwa Angola.

Sasa angalieni. Mwanzoni hapakuwa na sheria iliyosema mweusi ni mtumwa milele. Anthony Johnson, mmoja wa Waafrika wa mwanzo mwanzo, alipata uhuru wake na akamiliki shamba. Lakini mwaka 1640 watumishi watatu wa bwana mmoja walitoroka, wakakamatwa. Wawili wazungu wakaongezewa miaka 4 ya kazi. Wa tatu, John Punch, mweusi, akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Kosa lile lile!

Mwaka 1662 bunge likapitisha kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Yaani bwana akizaa na mtumwa wake, mtoto ni mali yake. Mwaka 1667 likasema ubatizo haumpi mtumwa uhuru. Mwaka 1705 yote yakakusanywa kuwa sheria moja kubwa.

Jimbo hilo hilo ndilo la Thomas Jefferson, aliyeandika mwaka 1776 kuwa binadamu wote wameumbwa sawa, huku maishani mwake akimiliki watumwa zaidi ya 600. Mwaka 1861 Virginia ikajitenga na Marekani, na Richmond ikawa makao makuu ya waasi.

Utumwa ukaisha 1865, lakini kalamu haikupumzika. Katiba ya 1902 ikawanyima weusi wengi kura. Mwaka 1959 wilaya ya Prince Edward ikafunga shule zote za umma kwa miaka 5, ili tu watoto weusi wasikae darasa moja na weupe.

Kubomoa nako kumekwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilifuta marufuku ya ndoa za weusi na wazungu, kwenye kesi ya Loving iliyotoka Virginia. Mwaka 1990 Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, akaapishwa kuwa gavana. Mwaka 2008 Obama, mtoto wa Mkenya, akashinda huko, Mdemokrati wa kwanza tangu 1964. Mwaka 2021 sanamu ya Jenerali Lee ikang'olewa Richmond.

Nionavyo mimi, sheria mbaya haishuki kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa bungeni akanyoosha mkono akasema ndiyo. Kwa hiyo tusipuuze miswada kwa kuwa leo inamgusa jirani tu. Naomba kutoa hoja.