Mizani ya Pamba na Mizani ya Mkopo

Wazee wetu waliolima pamba katika nchi ya Usukuma kabla ya Uhuru walikuwa na lalamiko moja lililowaunganisha wote, tangu Shinyanga hadi Geita. Mkulima alibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, akaiweka juu ya mizani, kisha akasimama pembeni akingoja kuambiwa uzito wake. Mwenye kuisoma mizani alikuwa mnunuzi peke yake. Jasho la mwaka mzima likapimwa na mtu ambaye faida yake ilitokana na kulipunguza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walikata shauri. Wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, waliweka watu wao wenyewe vituoni kuangalia upimaji, kisha wakaunda vyama vyao vya kuuzia pamba. Mwaka 1955 vyama hivyo vilikwisha kuungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Jengo hilo kubwa lilianza kwa jambo dogo: mkulima alitaka kuiona mizani kwa macho yake mwenyewe.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu ipo mizani nyingine siku hizi, nayo yatumika katika miji ile ile. Yatumika Kahama na Maganzo, Katoro na Nyarugusu, katika kila senta iliyoota kando ya machimbo. Hiyo ni mizani ya mkopo. Bidhaa inayopimwa ni fedha yenyewe, na bei yake yaitwa riba. Kama ilivyokuwa kwa pamba, anayeisoma ni upande mmoja tu.

Tuchukue mfano wa mama anayewapikia wachimbaji chakula. Vijana wako ndani ya duara, mwamba haujatoa kitu, na mpaka mawe yapandishwe na kusagwa kwenye karasha hawana cha kulipa. Basi mama anawaandika daftarini. Siku ya kumi unga umekwisha, na mwenye duka hataki daftari. Mama anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anaomba shilingi 100,000. Anakatwa shilingi 5,000 za fomu, anapewa 95,000, na anaambiwa maneno mepesi: utarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30.

Shilingi 4,500 ni kitu gani kwa mtu anayeuza sahani kila siku? Anaona anaiweza, anatia sahihi. Lakini tupige hesabu ambayo hakupigiwa. Siku 30 mara 4,500 ni shilingi 135,000. Amepokea 95,000, amelipa 135,000. Mwezi mmoja umemgharimu shilingi 40,000. Wala hakukaa na laki hiyo mwezi mzima, kwani alianza kuirudisha kesho yake, na ilipofika siku ya 15 alikwisha kurudisha zaidi ya nusu ya fedha aliyopewa. Akikosa siku mbili, kuna faini. Akikosa juma zima, wanakuja kuchukua majiko na sufuria, na hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha yeye na watoto wake.

Wananchi wameipa mikopo ya namna hii jina la "kausha damu". Aliyelitunga jina hilo hakuwa mtaalamu wa uchumi, lakini alikwisha kuiona hesabu.

Wapo wanaosema kwamba wakopaji hawa ni wajinga. Sisi hatukubaliani nao. Mama huyu hakukopa kwa anasa. Alikopa ili jiko lisizimike. Benki ilimtaka dhamana ya hati, taarifa za biashara na siku nyingi za kungoja. Mkopeshaji wa mtaani alimtaka kitambulisho na jirani mmoja wa kumdhamini, akampa fedha saa ile ile. Haraka nayo ina bei yake, na anayekopesha bila dhamana hujitia katika hatari. Tunachokipinga ni bei kufichwa, na tena kupita mpaka uliowekwa na sheria.

Maana sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, nayo imewagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, ambao ndio tunaowazungumzia, wamo katika daraja la pili, nao hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS zimo katika daraja la tatu, na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa katika daraja la nne. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili Benki Kuu imeweka ukomo wa riba: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja, hiyo ni shilingi 3,500. Mama wa mfano wetu alitoa 40,000, yaani zaidi ya mara kumi na moja.

Hali ya mchimbaji mwenyewe haiko mbali na ya mama huyo. Kuchimba duara kwahitaji magogo ya kuzuia kuta, mafuta ya pampu, kamba, baruti na chakula cha watu. Asiye na mtaji hutafuta mfadhili, naye mfadhili hutoa fedha kwa sharti kwamba dhahabu itakayopatikana atauziwa yeye. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, na la Geita likawa miongoni mwa ya kwanza kabisa; mwaka huo huo wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio katika kuuza madini yao. Sokoni dhahabu hupimwa mbele ya maofisa, na bei hufuata soko la dunia. Ni jambo jema sana. Lakini mtu aliyekwisha kuuza mawe yake yangali ardhini, kwa bei iliyopangwa usiku katika shida, anaingia sokoni akiwa hana cha kuuza. Mwezi Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza. Mchimbaji aliyefungwa na deni aliisikia habari hiyo redioni kama habari ya nchi nyingine.

Wengine wamehama kutoka kwa mkopeshaji wa mtaani wakaingia katika simu. Humo mkopo hupatikana kwa kubonyeza mara tatu, na pengine mkopaji huruhusu, bila ya kusoma, majina yote yaliyomo katika simu yake yachukuliwe. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha hutumwa kwa mkwe wake, kwa mwajiri wake na kwa mwalimu wa mtoto wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hairuhusu majina ya jamaa za mtu yageuzwe kuwa fimbo ya kudaia.

Mtu asidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini tu. Uingereza, nchi yenye benki za karne nyingi, iliwaona wafanyakazi wake wakikopa kungojea mshahara na kuzama. Tangu Januari 2015 huko wamewekewa wakopeshaji wa mikopo hiyo ukomo wa asilimia 0.8 kwa siku, riba na ada zote zikiwa ndani yake. Ukomo huo ni mzito kuliko wa kwetu, maana kwa siku 30 wafika asilimia 24. Lakini wameongeza sharti moja tunaloliona la busara: hata mkopaji akichelewa namna gani, riba, ada na faini zake zote kwa pamoja hazitazidi fedha aliyokopa. Aliyekopa paundi 100 hatalipa kamwe zaidi ya 200. Deni limewekewa ukuta. Kampuni ya Wonga, iliyovuma kuliko nyingine zote katika biashara hiyo, ilianguka Agosti 2018.

Nchi hiyo hiyo ina somo la zamani zaidi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, wafanyakazi 28, wafumaji wakiwamo, waliochoka kuuziwa unga uliochanganywa na vipimo vya uongo walichanga paundi moja moja, wakafungua duka lao. Walikuwa na masharti machache: kipimo cha kweli, bidhaa safi, faida igawanywe kwa wanunuzi, na hakuna kukopesha. Walijua kwamba daftari la deni dukani ni mnyororo wa mfanyakazi. Kutoka duka lile dogo ushirika ulisambaa duniani, mpaka ukafika kwenye pamba ya Usukuma.

Twaona basi kwamba dawa ya kwanza ni watu kujikopesha wenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa vimekwisha kuenea vijijini na machimboni. Watu 20 au 30 hukutana kila juma; kila mmoja hununua hisa; fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mkopo hutolewa mbele ya wote, na kila mmoja husikia kiasi, riba na siku ya kulipa. Riba yenyewe hurudi kwa wanachama mwisho wa mwaka. Vilevile halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ukarejeshwa mwaka 2024. Mama wa jiko na vijana wa duara wana haki ya kuuliza katika ofisi ya maendeleo ya jamii jinsi kikundi chao kitakavyoandikishwa.

Lakini tuseme kweli yote. Ushirika wenyewe ulipata kuugua ugonjwa ule ule uliozaliwa kuuponya. Viongozi wengine walisahau kwamba mizani ni ya wanachama; fedha zikapotea, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, visirudi mpaka kwa sheria ya mwaka 1982. Na lile neno tamu la kuchanga limewahi kutumiwa na wengine kama chambo. Watu wa Tanzania hawajasahau DECI, walipoambiwa wapande mbegu wavune maradufu, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu za aliyefuata. Kikundi kisichosomewa hesabu zake hadharani, au kinachoahidi faida bila ya kuonyesha kazi iliyoizaa, hakina tofauti na mnunuzi wa zamani aliyeificha mizani.

Jambo la pili ni akiba. Machimboni fedha huja kama mvua ya mawe: nyingi kwa siku moja, kisha ukame. Wengi hununua ng'ombe, na ni desturi nzuri, ila ng'ombe hafi kwa taarifa, na ukame hauchagui zizi. Afadhali sehemu iwekwe mahali penye bima. Benki tano zilipofutiwa leseni Januari 2018, mojawapo ikiwa ya wakulima wa Kagera, fidia ya bima ilikuwa na ukomo wa shilingi milioni 1.5 kwa mwenye amana. Baadaye Bodi ya Bima ya Amana ilipandisha ukomo huo hadi milioni 7.5. Sanduku chini ya kitanda halina bodi.

Na mwenye kulazimika kukopa, akope, lakini aulize kwanza maneno matatu. Leseni yako iko wapi? Nitapokea shilingi ngapi mkononi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla? Nikishindwa, utachukua nini? Majibu yaandikwe, na nakala abaki nayo. Asiachie kadi yake ya benki wala namba yake ya siri kwa mtu yeyote, kwa maana huko ni kumkabidhi mtu mwingine mshahara ambao haujafanyiwa kazi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi twaongeza kwamba matanga hupungua mtu akijua hesabu siku ya harusi.

Twawaomba wanachama na wafanyakazi wa Shinyanga na Geita wafanye jambo moja lisilo na gharama. Katika mkutano ujao wa tawi, wa chama cha wafanyakazi au wa kikundi, kila mwenye mkataba wa mkopo aulete, na kijana mmoja mwenye kujua hesabu ausome kwa sauti: alichopewa, alicholipa, na tofauti yake. Asionewe haya mtu yeyote kwa kudaiwa. Wakulima wa pamba hawakuaibika kusema kwamba walikuwa wakipunjwa. Walisogea wote kwenye mizani wakaangalia mshale.