Usingizi wa Mlezi na Kibofu cha Mtoto wa Mbwa

Kulea mtoto wa mbwa katika nyumba ya ghorofa ni kazi ya usiku zaidi kuliko ya mchana, jambo linalowashangaza wakazi wengi wa Washington, D.C. na miji ya jirani kama Silver Spring na Arlington, hasa waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki, ambako mbwa kwa kawaida ni mlinzi anayelala uani na kujisaidia apendapo. Ghorofa ya saba haina uani. Mnyama wa wiki 9 anapoanza kulialia saa 9 usiku, mlezi hana budi kuvaa koti, kumbeba kifuani, kungoja lifti na kuvuka ukumbi wa mapokezi ndipo afike penye majani, na si ajabu mkojo ukamwagika lifti ikiwa bado inashuka.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walichapisha kipimo cha unyonge wa mlezi wa mtoto wa mbwa, yaani mvurugiko wa hisia wa muda unaofanana na ule unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, wakaugawa katika sehemu 3: wasiwasi, kukereka na uchovu. Karibu nusu ya wafugaji walioulizwa walikuwa wameonja hisia hizo. Tena, kadiri miaka ilivyopita ndivyo walivyokikumbuka kipindi hicho kwa wepesi zaidi, na pengine ndiyo sababu wafugaji wa siku nyingi si washauri wazuri wa anayeteseka leo.

Kujitunza, kwa hiyo, kuanze na maumbile ya mnyama mwenyewe. Mtoto wa mbwa huweza kulala saa 18 au zaidi kwa siku, na akinyimwa usingizi huo hung'ata na kurukaruka, mlezi akadhani anahitaji michezo zaidi ilhali anahitaji kizimba chenye giza na utulivu, ambamo usingizi wake huwa ndiyo nafasi ya mlezi kujinyoosha. Kuhusu kibofu, makadirio ya kawaida ni kwamba mchana hujizuia kwa saa zinazolingana na umri wake wa miezi, yaani saa 2 kwa mwenye miezi 2. Wenye nyumba wakiwa wawili, zamu za usiku zigawanywe ili kila mmoja apate walau usiku mmoja mzima kati ya miwili.

Upweke nao una chanzo chake. Chanjo dhidi ya parvo, virusi vya kuharisha vinavyoweza kudumu udongoni kwa miezi mingi, hukamilika mnyama akiwa na wiki 16 hivi, ilhali umri wa kumzoesha watu na kelele huanza kufifia mapema kuliko hapo, na mlezi mwoga hujifungia naye ndani, hasa Desemba, ambapo jua la Washington huzama kabla ya saa 11 jioni. Kumbe mnyama anaweza kubebwa: treni za Metro huruhusu wanyama wadogo waliomo katika chombo kilichofungwa, hivyo mlezi anaweza kwenda naye kwa marafiki bila makucha yake kugusa ardhi.

Agizo la Rais la tarehe 20 Januari 2025, lililowataka watumishi wa serikali kuu kurudi ofisini, liliwapunguzia wengi wao nafasi ya kulea mnyama huku wakifanyia kazi nyumbani. Kwa wenye fedha chache, malipo ya mtembeza mbwa wa adhuhuri yana faida kuliko rundo la vichezeo.

Unyonge ukizidi wiki mbili, hamu ya kula ikipotea au mawazo ya kujidhuru yakija, tatizo limeshavuka malezi ya mnyama na msaada wa kitaalamu unahitajika; namba 988, iliyoanza kutumika kote Marekani Julai 2022, hupokea simu usiku na mchana. Kumrudisha mnyama kwa aliyemtoa nako si fedheha, na ni heri kufanyike mapema, kwa kuwa mtoto wa mbwa hupata makao mapya kwa urahisi kuliko mbwa mzima.