Umeonewa na ofisi ya umma? Fahamu kazi ya Tume ya Haki za Binadamu

Msikilizaji, umefuatilia hati ya kiwanja halmashauri miezi minane, kila ukienda ni "njoo wiki ijayo". Au ndugu yako yuko mahabusu na hakuna anayekueleza kosa lake. Unaanzia wapi?

Hapa Tanzania malalamiko ya aina hii hupokelewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ilianza kazi mwaka 2001, ikichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyokuwepo tangu miaka ya 1960. Ofisi kuu iko Dodoma, na yapo matawi, likiwemo la Mwanza na la Lindi.

Kulalamika ni bure na huhitaji wakili. Unaweza kuandika barua au kufika mwenyewe na kueleza kwa mdomo. Kama mwenye shida hawezi, mtu mwingine anaweza kumlalamikia. Taja jina lako, ofisi unayoilalamikia, kilichotokea na tarehe, kisha ambatanisha nakala za barua na risiti. Halisi baki nazo.

Tume kwanza hupima kama jambo liko ndani ya mamlaka yake. Haichunguzi shauri lililoko mahakamani, wala uhusiano wa Serikali na nchi nyingine. Likikubaliwa, huitaka ofisi husika ijieleze. Inaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka, kutembelea magereza, au kuzipatanisha pande mbili.

Mwisho wake ni mapendekezo, kwa mfano ulipwe fidia au uamuzi ubadilishwe. Ofisi hupewa muda usiozidi miezi 3 kueleza imefanya nini.

Ikikaidi? Tume yenyewe haina nguvu ya kulazimisha kama hakimu. Wananchi wa Nyamuma, Serengeti, walilijua hilo. Waliondolewa mwaka 2001 na nyumba zao zikachomwa. Tume ilichunguza, ikaona haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa, na suala likafika hadi Mahakama ya Rufani. Sheria inaruhusu njia hiyo: Tume inaweza kwenda mahakamani, au kumshauri mhusika aende.

Kwa hiyo usitegemee jibu la kesho. Lakini ripoti ya Tume inabaki kuwa maandishi rasmi ya yaliyokupata, na mahakamani hutakwenda mikono mitupu. Anza leo kutunza karatasi zako, na kila ukienda ofisini andika tarehe na jina la aliyekuhudumia.