Faili Kuguswa na Faili Kubadilika

Lushoto, katika milima ya Usambara, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Kazi za mahakama hazitenganiki na masjala, na mtumishi wa masjala hutofautisha jalada lililotolewa rafuni likarudishwa, na jalada lililoongezwa hati. La kwanza limeguswa tu. La pili limebadilika. Tofauti hiyo yamfaa sana mfasiri wa istilahi za kompyuta.

Waandishi wa programu kwa lugha ya JavaScript aghalabu hutumia chombo kiitwacho nodemon, kilichotolewa na Remy Sharp mwaka 2010. Chombo hicho huyaangalia mafaili ya kazi; moja likihifadhiwa, huikatiza programu inayoendeshwa na kuianzisha upya. Mwaka 2022 Node.js nayo ilipewa uwezo wa namna hiyo. Lakini mtumiaji asipoomba maelezo kamili, nodemon humwambia tu kwamba kuna mabadiliko, bila kutaja faili lenyewe.

Upungufu huo si mdogo. Ikiwa programu huandika kumbukumbu zake ndani ya faili linaloangaliwa, kila inapoandika huanzishwa upya, na kila inapoanza huandika tena. Mwandishi ataukagua msimbo wake kutwa nzima bila kuona kosa, kwa maana kosa halimo humo. Akitajiwa jina la faili, huliondoa katika orodha ya yanayoangaliwa, na mambo yakaisha.

Je, chombo hujuaje? Katika Linux, tangu mwaka 2005, kiini cha mfumo huweza kukiarifu mara faili linapoandikwa. Pasipo na taarifa hiyo, chombo hupitia mafaili kwa zamu na kulinganisha saa za kuhifadhiwa. Hapo ndipo penye mtego: faili likihifadhiwa bila kuongezwa hata herufi moja, saa yake huwa mpya, na programu huanzishwa upya bure. Katika Unix ipo hata amri ya kuipa faili saa mpya pasipo kuyagusa yaliyomo, na jina lake kwa Kiingereza maana yake ni “gusa”.

Kwa hiyo twapendekeza *kuguswa* kwa badiliko la saa, na *kubadilika* kwa badiliko la yaliyomo, ambalo hujulikana kwa kulinganisha yaliyomo yenyewe. *Kubadilishwa* kungoje mahali ambapo mtendaji anajulikana, maana chombo hulijua faili, hakiujui mkono. Ujumbe ungesomeka: “Faili hili limeguswa, programu inaanzishwa upya,” jina la faili likitangulia.

Wapo wanaopenda *jalada* badala ya *faili*. Sisi hatuafiki. Mahakamani na polisi, kufungua jalada ni kuanzisha shauri, na karani aliye mbele ya kompyuta hapaswi kusitasita kabla ya kubonyeza kitufe.